KHUTBA YA IJUMAA: TUVIFUFUE VISIMA NA MABIRIKA YALIYOACHWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), mwenye kuteremsha mvua kwa kipimo akijuacho Yeye, na mwenye kuhuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Masahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, baba zangu na mama zangu, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, kwani hakuna akiba bora kuliko hiyo.

Katika Suratul Hajj, aya ya 45, Mwenyezi Mungu anatutajia miji mingi iliyoangamia kwa sababu ya dhulma za watu wake. Katika vitu vilivyobakia nyuma yao ametaja viwili: kisima kilichoachwa na kasri lililojengwa imara. Tuizingatie aya hii. Kasri ni kitu cha kuonekana, kila mpita njia hulitazama. Kisima ni shimo, hakuna anayekisifu. Lakini Mola wetu amevitaja pamoja, na kisima amekitanguliza. Kuta za kasri zaweza kusimama miaka mingi hata kama hakuna mtu ndani. Ila kisima kikiachwa, jua kwamba watu wamekwisha kuhama, au wako njiani kuhama.

Katika aya inayofuata tunaulizwa: je, hawakutembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia? Basi leo tutembee pamoja kwa fikra, tuanzie pwani, ambako misafara ilitoka katika karne ya 19 ikaleta Uislamu na lugha hii ya Kiswahili mpaka katika nchi zetu hizi za Kongo.

Karibu na Malindi, katika nchi ya Kenya, kuna mahame ya mji uitwao Gedi. Ulikuwa mji wa Waislamu, wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa, misikiti mingine midogo, nyumba za mawe na kasri. Watu wake waliuhama katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO imeuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Ukienda leo utaona kasri bila paa, na visima virefu vilivyokauka. Wataalamu wametaja sababu kadhaa za kuhama kwa watu wale, na mojawapo ni kwamba maji ya chini ya ardhi yalishuka hata visima vikashindwa kuyafikia. Kasri na kisima, vyote viwili viko pale. Mwenye macho na atazame.

Sasa tupande kaskazini zaidi, kwenye visiwa vya Lamu. Katika kisiwa cha Pate, na visiwa jirani kama Ndau na Kiwayu, ukichimba kisima mara nyingi unakuta maji ya chumvi. Wazee wa huko hawakukaa wakalia. Walitengeneza kitu wanachokiita jabia. Jabia ni sakafu pana ya mawe na chokaa, imeinamishwa kidogo upande mmoja. Mvua inaponyesha juu ya sakafu ile, maji hayapotei mchangani, bali hukimbilia kwenye birika kubwa lililochimbwa, na humo hukaa mpaka kiangazi. Hakuna mashini wala mafuta. Kinachotakiwa ni ufagio kabla ya mvua, ukuta wa kuzuia mbuzi na punda wasichafue, na chokaa ya kuziba kila ufa unaotokea.

Lakini ufagio ukiachwa, majani hujaa. Ufa ukiachwa, maji yote huondoka usiku, na asubuhi watu wakakuta tope. Majabia mengi yalifikia hali hiyo. Wazee wetu wametuambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, ambapo katika Pembe ya Afrika mvua zilikosekana majira matano mfululizo. Hapo watu wakakumbuka kazi ya babu zao. Baadhi ya majabia yametengenezwa upya katika miaka hii ya karibuni, kwa juhudi za wanavijiji, serikali ya kaunti na mashirika, na watoto wanateka humo tena.

Tukitoka pwani tukaingia bara, katika Tanzania, tunafika milima ya Upare, wilaya ya Same. Juu ya mlima mvua ipo, chini katika tambarare ukame ni mkali. Wapare wa zamani walichimba mabwawa madogo kwenye miteremko, wanayaita ndiva. Kijito kinaingia ndani ya ndiva usiku kucha watu wakiwa wamelala. Asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika yana nguvu ya kutembea katika mfereji mpaka shambani. Kijito ambacho mchana kingeishia njiani, sasa kinafika.

Ndiva hujaa udongo kila mwaka. Kwa hiyo Wapare walikuwa na msaragambo, yaani kazi ya pamoja: siku ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyekuja analipa faini. Ukoo ulikuwa na mzee anayegawa zamu za maji, na neno lake lilisikilizwa. Madaraka ya watu wa namna hiyo yalipopungua baada ya uhuru, na vijana walipokwenda mijini, ndiva nyingi zilijaa tope. Mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida, ila palikuwa hapana tena mtu wa kupiga mbiu. Katika vijiji ambako kamati zimeundwa upya na zamu zimerudishwa, ndiva zimezibuliwa, nyingine zimejengewa kwa saruji, na maji yamerudi mashambani. Humo wamo Waislamu na Wakristo, wanashika jembe moja.

Na wengi wetu tuna udugu au habari na watu wa Omani. Kule kuna mifereji iitwayo falaji, inayotoa maji chini ya milima na kuyaleta kwenye mitende na nyumba. Zipo kiasi cha 3,000 zinazotumika mpaka leo, na mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa katika urithi wa dunia. Mji unakunywa kwanza, kisha ndipo bustani zinapata. Maji ya shambani hugawanywa kwa saa, zamani kwa kutazama kivuli cha jua na nyota za usiku. Kuna wakili wa falaji mwenye kusimamia hesabu. Na katika falaji nyingi kuna sehemu ya maji iliyowekwa wakfu, ikikodishwa, mapato yake yanarudi kutengeneza falaji yenyewe au msikiti. Ndiyo maana mifereji ya mamia ya miaka bado inatiririka.

Ndugu Waislamu, katika safari yote hii jambo moja limejirudia. Maji hayakuwaacha watu. Watu ndio walioacha kazi ya kuyatunza. Kabla ya birika kupasuka, hupasuka umoja wa wenye birika.

Haya hayajaanza leo. Zamzam yenyewe, kisima bora juu ya uso wa ardhi, iliwahi kufukiwa na kusahauliwa Makka. Kabila la Jurhum walipoondoka waliifukia, na miaka mingi ikapita hata mahali pake pasijulikane. Aliyeifukua ni Abdul Muttalib, babu yake Mtume (S.A.W.), baada ya kuoneshwa usingizini. Alipoanza kuchimba alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumsaidia, na Makureshi wakambishia. Tazameni heshima hii: kabla Mtume hajazaliwa, babu yake alipewa kazi ya kufufua kisima kilichoachwa.

Na Bibi Zubayda, mke wa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 216 Hijria, alitoa mali yake yakajengwa mabirika katika njia ya mahujaji kutoka Iraki, na mfereji wa kuleta maji Makka. Mfereji ule ulichoka, ukaziba. Zaidi ya miaka 700 baadaye, katika karne ya 16, mwanamke mwingine, Mihrimah binti wa Sultani Suleiman wa Uturuki, alitoa mali yake ukatengenezwa tena. Wa kwanza alijenga, wa pili alifufua. Sisi twatumaini kwa Mola wetu kwamba wote wawili wana fungu lao.

Sasa turudi nyumbani, hapa Lubumbashi na katika vijiji vyetu vya Haut-Katanga.

Sisi si watu wa jangwa. Mwenyezi Mungu anatuteremshia mvua ya milimita kama 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa nne. Kisha kiangazi kinaingia, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa twaweza kukaa bila tone. Ndipo tunaona yale tunayoyaona kila mwaka. Katika vijiji vya Kasenga, Sakania, Kipushi, Kambove, Mitwaba na Pweto, mama anaamka kabla ya alfajiri na bidoni kichwani, binti yake nyuma yake na bidoni nyingine, na shule inamngoja bure. Katika kartie zetu za pembeni, pale mabomba ya Regideso yasipofika au yakikauka, bidoni inanunuliwa kwa franga za chakula. Asiye na franga anateka kwenye shimo. Na kipindupindu tunakijua, kimeingia katika nyumba zetu zaidi ya mara moja. Mtoto anayekufa kwa kuharisha hafi kwa sababu mbingu zimefungwa. Anakufa katika nchi ya mvua.

Tunaposwali Swala ya kuomba mvua tunafanya sunna njema. Lakini tujiulize: mvua ile ikija, tunayo chombo cha kuipokelea?

Na vyombo vipo, vingi vimelala. Katika vijiji kuna chemchemi zilizojengewa zamani, bomba lake limeziba kwa mizizi na udongo. Kuna visima vya wazee ambavyo kingo zake zimebomoka, vimegeuzwa kuwa shimo la takataka. Kuna mabirika ya shule na ya misheni yenye ufa mmoja tu. Na kuna pampu za mkono, nyingine ziko ubavuni mwa misikiti yetu sisi, zina kibao kizuri chenye jina la aliyetoa sadaka, na hazitoi maji tangu kipande kidogo cha mpira kilipokatika. Mfadhili alirudi kwao, kipande hakikununuliwa, na kila mtu anasema si kazi yangu.

Tunaiita sadaka jariya, yaani sadaka yenye kutiririka. Mtume (S.A.W.) alitufundisha, kama alivyopokea Muslim, kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka hiyo. Thawabu za aliyejenga tunamwachia Mola wake, aijuaye nia yake. Lakini sisi tulioachiwa amana ile mbele ya mlango wetu, tutajibu nini? Wanazuoni wa fikihi wamesema kwamba kitu cha kwanza kinachotolewa katika mapato ya wakfu ni matengenezo yake, kabla hajafaidika mtu yeyote. Kuziba ufa kunatangulia kugawana.

Tena msidhani kwamba kufufua ni kazi ndogo kuliko kujenga kipya. Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume sadaka iliyo bora ya kumtolea. Akajibiwa kuwa ni maji, akachimba kisima kwa ajili ya mama yake, kama ilivyo katika Abu Daud. Uthman bin Affan (R.A.) hakuchimba mahali papya alipoona Waislamu wa Madina wanauziwa maji ya kisima cha Ruma. Alikinunua kile kile kilichokuwapo, akakifanya cha wote, naye akateka humo kama mwenzake yeyote. Na katika Bukhari na Muslim tumepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hakujenga kitu. Alifikisha maji mahali palipo na kiu.

Ndugu zangu, nataka tutoke hapa na kazi ya mikono. Tuanze na msikiti wetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Msikiti wenye paa la mita 10 kwa 20 una mita za mraba 200. Kwa mvua ya mwaka mzima hapa kwetu ni lita 240,000. Toa moja ya tano kwa yale yatakayomwagika na kupotea, zinabaki lita 192,000. Gawanya kwa bidoni ya lita 20, ni bidoni 9,600. Zote hizo zinatiririka mbele ya macho yetu, zinachimba msingi wa ukuta, zinakwenda kwenye mtaro. Hatuwezi kuzihifadhi zote, lakini hata birika la lita 10,000 ni bidoni 500 zinazotungoja kiangazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kila jamaa, mjini na vijijini, nashauri haya:

1. Baada ya Swala, vijana wawili na mama wawili wazunguke waandike kila kisima, chemchemi, birika na pampu isiyofanya kazi, na sababu yake. Mama wawe ndani ya kamati, kwani wao ndio wanaoijua njia ya maji.

2. Muende kwa shefu wa kijiji na majirani wote. Chemchemi haina dini. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Jirani yako Mkatoliki, Mumetodisti au Mkimbangu ana haki ya kuteka, na ana wajibu wa kushika jembe pamoja nawe.

3. Mchague kitu kimoja, kilicho rahisi kufufuka, mkimalize kabla ya kugusa cha pili. Udongo utolewe wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini. Mtu asishuke peke yake katika kisima kirefu kilichofungwa siku nyingi, hewa ya humo huua.

4. Kisima kiwe na ukingo na kifuniko, choo kiwe mbali nacho na upande wa chini. Mtume alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na katazo hilo ni mlinzi wa afya yetu. Birika lifunikwe, mbu wasizaliane humo.

5. Maji ya paa: mvua za kwanza za mwezi wa kumi zimwagwe, kwani zinaosha vumbi la kiangazi. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na wanaokaa karibu na viwanda vya kuyeyusha madini, maji ya paa wafulie na kufyatulia matofali, wasiyanywe mpaka yapimwe.

6. Kila nyumba itoe mchango mdogo kila mwezi, uandikwe katika daftari, usomwe mbele ya watu. Kipande cha pampu kinunuliwe kabla ya kukatika. Mjane na maskini wasizuiwe kuteka kwa kukosa mchango. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama ni yule mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Tulipokuwa wadogo katika chuo cha Kurani, mwalimu wetu hakumpa mtoto ubao mpaka mtungi wa udhu umejaa. Kila mmoja alikuwa na siku yake. Tuliona ni kazi tu. Leo nafahamu kuwa lilikuwa somo la kwanza, kabla ya alifu: maji ya watu wote yana zamu yako ndani yake.

Nasema maneno haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, mwisho wa Suratul Mulk tunaulizwa: maji yetu yakididimia chini, ni nani atakayetuletea maji yenye kutiririka? Jibu letu ni kwamba hakuna ila Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Lakini ulimi ukijibu hivyo, mkono nao uonekane unashukuru. Shukrani ya maji ni kutoyafuja na kutoyaachia yapotee. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kama robo tatu ya lita. Nasi tunaacha bomba wazi mpaka tumalize kuzungumza.

Kumbukeni Nabii Musa (A.S.) alipofika Madiani, amechoka, ana njaa, amekimbia kwao. Aliwakuta mabinti wawili wanazuilia wanyama wao kando ya kisima kwa sababu wenye nguvu wamekizunguka. Hakusema mimi ni mgeni hapa. Aliwanyweshea, ndipo akaenda kivulini kuomba dua yake. Katika vijiji vyetu wako mabinti kama hao, na wanangoja mpaka leo.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua ya rehema, isiyo ya mafuriko wala ya maangamizo. Tupe umoja wa kuitunza unapoiteremsha. Wape shifaa wagonjwa wetu, wasamehe wazazi wetu, na wale wote waliochimba, waliojenga na waliotengeneza, ambao sisi tumekunywa na hatuwajui majina. Usitujaalie kuwa watu wa kisima kilichoachwa. Ilinde nchi yetu ya Kongo, uipe amani, na watoto wetu uwape maji safi na elimu yenye manufaa. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako. Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu: isitupwe, wala isifungiwe maandazi.